Ilipita, Mie Nikasikia Imepinda

Nisimsingizie shetani, wanangu, wala mume wangu, wala mvua. Ukuta wa nyumba yangu ya Buguruni niliubomolesha mie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mpaka leo nikiona watu wanajenga, mdomo huo naufunika kwa kanga.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu Mohamedi alikuwa kuli bandarini, nasi tulikaa kwa mama yake, Bi Tatu, chumba kimoja na pazia katikati. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Nikaapa mbele za watu: mtoto huyu hazaliwi kwa mkwe, atazaliwa kwake! Mohamedi akapata kiwanja hapo hapo mtaani, tukaanza nyumba ya miti na udongo.

Fundi wetu alikuwa Maganga, Mnyamwezi. Mie Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu. Nikimtukana hana haki ya kununa. Na alinipa sababu kila siku! Ukuta wa mbele ulitoa tumbo kama langu. Dirisha moja juu, jingine chini, nyumba kama inawakonyeza wapita njia. Udongo kaukandika ovyo, ungedhani kuku wamecheza ngoma juu yake.

"Maganga, huu ukuta ulikunywa nini?"

"Kile kile alichokunywa fundi, mtani. Ila hauanguki."

Sasa, nyumba ilikuwa haikaliwi mpaka Bwana Afya aikague. Wa kwetu aliitwa Bwana Leonadi, mtu wa bara, kaptura yake imenyooka kuliko ukuta wangu. Siku aliyokuja alikuwa ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba, pamba mdomoni. Akapima madirisha, akapima mlango, akapima nafasi kati yetu na jirani, akaenda kutazama choo. Akausukuma ukuta kwa bega. Mwisho akasimama mlangoni, akatoa neno kupitia ile pamba, akaongeza jambo kuhusu kesho, akapanda baiskeli akaenda zake.

Mie nikasikia: imepinda.

Ningesikia nini kingine? Ndilo neno nililokuwa nalisema mwenyewe tangu mti wa kwanza uchimbiwe. Lakini mama mkwe alikuwa karibu naye kuliko mie. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, amesema imepita. Kesho anakuja kuandika namba mlangoni."

Moyoni nikasema, huyu bibi anataka nikae kwenye nyumba ya aibu ili yake ionekane nzuri. Ujinga wa ujana! Nikamjibu kwa adabu ya juu juu, "Mama, masikio yangu mazima."

Nikaona heri ukuta uanguke leo, ukandikwe upya kabla ya masika. Nikamwambia Maganga abomoe. Akacheka, akaketi, akidhani ni utani. Basi nikaita vijana wa mtaa, na majina yao ninayo: Hamisi wa Bi Zena, Mbwana, Kondo, na Rajabu mwenye kigugumizi. Wakausukuma. Haukutaka kuanguka! Wakatoka jasho, wakaenda kuazima mtarimbo. Hapo ndipo ningepata akili, sikuipata. Fito zilipoanza kukatika Maganga aliacha kucheka.

"Mtani, huu sasa si utani," akasema, akakusanya vyombo vyake.

Asubuhi Bwana Leonadi akaja na kopo la rangi na brashi, shavu limeshuka. Akatafuta mlango wa kuandika namba, akaukuta umelala chini.

"Jana nyumba ilipita," akasema. "Leo iko wapi?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu; hakusema "si nilikwambia". Afadhali angesema.

Masika yakashuka juma lile lile. Udongo ukawa uji, hakuna cha kukandika. Mohamedi hakunigombeza, alinitazama tu, akala, akalala. Mwanangu akazaliwa nyuma ya pazia, kitandani kwa Bi Tatu, na mikono iliyompokea ni ya Bi Tatu. Kwa vile kazaliwa kwake, jina akatoa yeye: Kombo. Watu walidhani ni jina la babu. Mie nilijua ni la ukuta.

Mvua zilipokatika nilimwendea Maganga na kuku mkononi, nikamwomba radhi. Akanijengea ukuta mwingine, wallahi, umepinda kuliko wa kwanza! Mie kimya. Bwana Leonadi akaja, akapima vyake, akasukuma kwa bega. Safari hii nilimsogelea mpaka nikakaribia kumkanyaga.

"Imepita," akasema, akichovya brashi. Halafu akaifumbia jicho moja nyumba yangu, akaitazama. "Na imepinda."

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Nikakaa naye.

Basi nyie mnaojenga, fundi mbovu mtukaneni, haki yenu. Lakini mkaguzi akitamka neno, mwulizeni tena, hasa kama katoka kung'olewa jino. Na mkweo akikwambia kasikia vingine, msikilize. Mie nilisikia lililokuwa moyoni mwangu, nikalitia mdomoni mwa mtu mwenye pamba.

Kombo sasa ana wajukuu. Wakimwuliza jina lake lilitoka wapi, ananitazama mie. Nami natazama nje, kwa lile dirisha la chini.