Kinda wa Mnandi Aliyebaki Mtini

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa msichana, nimeketi mwaloni, pale ukingoni mwa ziwa mitumbwi inaposhusha samaki, karibu na Mkuyuni nikishona nyavu na mjomba wangu Masanja, na macho yangu hayakuwa kwenye kazi. Sikiliza, usiniharakishe. Mbele yetu kulikuwa na kisiwa kidogo cha mawe, kisiwa cha hifadhi, na mti mmoja uliokuwa mweupe kwa kinyesi cha mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki. Ulikuwa msimu wao wa kuzaa. Makinda wakubwa walikwisharuka wote, isipokuwa mmoja kileleni. Anatandaza mabawa, anajirusha, anarudi palepale.

"Mjomba, mbona yule haruki?"

"Mvivu, Minza. Kama wewe na hiyo sindano."

Wavuvi wakacheka. Mimi sikuliacha lile swali. Kila siku nilitazama kisiwani kwanza ndipo nisalimie watu, na mama alinigombeza kwa hilo. Nikaona na jambo jingine: mama wa yule kinda alikuwa akija kumlisha mara chache kuliko mwanzo. Niliogopa. Atakufa pale juu tunamwona, na hakuna anayejua kwa nini.

Nikachukua kasia niende peke yangu. Mjomba akaushika mtumbwi.

"Matawi ya chini yana mayai na makinda wachanga," akasema. "Ukiwafukuza mama zao kunguru wanaingia, na wanaobaki jua linawamaliza. Unataka kumwokoa mmoja kwa roho za wangapi?"

Alisema bila ukali, lakini nilishuka. Tukamwendea askari wa hifadhi, mzee wa Kikerewe, nikamwamkia shikamoo na kumweleza. Akasema tungoje asubuhi ya mawingu, kusiwe na jua la kuwachoma wachanga, na apande mtu mmoja tu, mwepesi. Kungoja kule kuliniuma, sikufichi.

Mawingu yakaja, tukavuka kwa mtumbwi mimi, mjomba na yule askari. Nilipanda mimi, polepole, harufu ikinitoa machozi. Kinda alikuwa amekonda, mguu umefungwa na uzi wa nyavu uliosukwa ndani ya kiota. Kumbe mnandi huokota chochote cha kujengea, mwanangu, hilo sikulijua. Nikaukata kwa wembe. Akanidonoa kidole, akaporomoka majini, akazama. Tukatazama maji, tukatazama. Akaibuka mbali kabisa, akitikisa kichwa, nami nikalia kwa furaha juu ya mti.

Niliposhuka nilimpa mjomba ule uzi. Akaugeuza mkononi, akatambua fundo lake mwenyewe. Pale mwaloni hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Vipande vya nyavu tulikuwa tukivitupa ufukweni kila siku, sisi sote. Hakujitetea. Tulipofika nchi kavu aliinama akaanza kuokota, na walewale waliocheka wakamuuliza anatafuta nini.

"Naokota jibu la Minza," akasema.

Nakuusia hili, mwanangu. Kinachokushangaza kiulize, hata wakikucheka. Lakini uliza kwa subira, usije ukaharibu vya wengine kwa haraka ya kujua. Na siku jibu likikuonyesha mkono wako mwenyewe, usilikatae, inama uokote. Mungu akuzidishie hamu ya kujua, akupe umri mrefu, na wajukuu wako wawakute mnandi bado wanazaa pale kisiwani.