Risasi Laini za Mke Wangu

Mimi ni seremala, na mtu akiniuliza nilivunjikaje mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, huwa nakohoa kwanza. Wenzangu huvunjika wakiokoa watu kwenye moto. Mimi nilianguka kutoka kwenye kigoda nilichokitengeneza kwa mikono yangu, ndani ya karakana yangu, mbele ya mteja aliyekuja kuagiza vigoda sita. Nilikuwa nimesimama juu yake ili nimwonyeshe kilivyo imara. Mguu mmoja ukachomoka kama jino la mtoto. Mteja alinipangusa vumbi la mbao, akaniitia gari la kunipeleka hospitali, na hadi leo hajarudi kuulizia vigoda vyake. Simlaumu.

Mkono wa kulia ulining'inia shingoni kwa kitambaa muda mrefu, nikajifunza kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, kazi inayomtia adabu mtu mzima. Mfupa ukaunga, lakini bega likabaki na kinyongo. Nikinyanyua ubao vibaya, linanifokea. Na msimu wa kuwinda kwale ulikuwa umekaribia.

Kila mwaka vibali vikitoka, mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, huenda kuwinda kwenye vilima vya mfugaji mmoja tunayefahamiana naye. Shemeji ni fundi wa mafriji, na mdomo wake una shabaha kuliko bunduki yake. Kuhusu shabaha yangu mimi, niseme tu kwamba kwale wa kule wananijua na hawana neno na mimi. Lakini nina bunduki ya marisau, ile inayotawanya vigololi vidogo, niliyoachiwa na baba, ya mitutu miwili, nyepesi kama fimbo, na nikiishika najiona mtu.

"Unaweza kuwinda," daktari wa mifupa aliniambia, "ila tafuta risasi zisizo na kishindo. Bunduki ikikupiga teke ulilozoea, tutaonana tena hapa hapa."

Niliitikia kwa heshima zote. Kesho yake nikaenda uwanja wa shabaha na shemeji, nikiwa na risasi nene nilizobakiza msimu uliopita. Nilipiga moja tu. Ilikwenda wapi, sijui. Najua tu kwamba niliziona nyota mchana kweupe.

"Shemeji, unalia?"

"Vumbi."

"Vumbi? Si mvua imenyesha tangu asubuhi?"

Ndipo nikakubali kwenda dukani. Duka lenyewe ni chumba chembamba kinachonuka mafuta ya mashine, bunduki zimefungwa minyororo ukutani, na mwenye duka ni mzee ambaye masikio yake yameshachoshwa na milio. Kwa hiyo huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Nyuma yangu walisimama wateja wengine, na kwa bahati yangu mbaya mmoja wao alikuwa muuza mbao anayeniuzia mbao zangu zote.

"Naomba risasi za marisau," nikasema chini chini, "zile ambazo hazipigi sana teke."

"Zile nini?"

"Laini."

"LAINI?"

Duka zima likageuka. Nilihisi masharubu yakininyaukia usoni.

"Ni za mke wangu," nikasema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikusubiri kifo. Mzee alifurahi mno, akaegemeza viwiko kwenye kaunta ili amhudumie vizuri huyo mama ambaye hayupo.

"Bunduki yake nzito au nyepesi?"

"Nyepesi."

"Aa! Watu hupenda nyepesi kwa sababu haichoshi kubeba. Lakini uzito wa bunduki ndio unaomeza teke. Nyepesi haimezi kitu, inamwachia yote mwenye bega." Akaniwekea risasi mbili kiganjani. Kwa macho zilifanana kama mapacha. "Hii ina gramu thelathini na sita za marisau, hii ishirini na nne tu, na baruti yake ni ya upole. Ukirusha mzigo mkubwa kwa kasi, nawe unasukumwa nyuma sawasawa. Mpe hii ndogo. Kwale si nyati."

"Na itaangusha ndege kweli?"

"Wa karibu, bila wasiwasi. Mwambie, akiziona rangi za manyoya, apige. Akiona doa tu, amwache aende zake, asije akamjeruhi bure. Na kitako cha bunduki kivishwe mpira, akibane vizuri begani, asikiachie nafasi ya kumrukia." Akanitazama kwa huruma. "Kwani mama ameumia?"

"Bega. Alianguka."

"Kutoka wapi?"

Mtu mwenye akili angesema ngazi. Mimi uongo ulikuwa umeniishia.

"Kwenye kigoda."

"Kigoda chako, fundi?" akauliza muuza mbao kutoka nyuma.

"Ah," mzee akapaza sauti, "mwambie asikalie tena kazi ya huyo seremala!"

Njia ya mwongo ni fupi, na uongo wangu ulipita njia ya mkato. Nilipofika nyumbani na maboksi yangu, nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, maana yeye ni mshonaji, ana pini midomoni. Akazitoa moja moja bila haraka, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Habari za bega langu?" akauliza.

Nikaweka maboksi chini.

"Muuza mbao amepita kunipa pole. Amesema nijikaze, wapo wanawake wengi wanaopona wakawinda tena."

Nikaeleza yote, nikitazama sakafu. Alicheka hadi akashika cherehani asianguke. Alipopata pumzi akachukua boksi moja, akalipima mkononi.

"Haya. Kama risasi ni zangu, zinakokwenda nami naenda."

Na alikuja kweli. Asubuhi ya kuwinda alipanda kilima nyuma yetu, amevaa buti za mpira na kanga kichwani, anaangalia kila kitu kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake. Nilikuwa nimeshakivisha kitako mpira. Kwale wa kwanza alipuruka kutoka kwenye nyasi karibu na miguu yangu. Nikapiga mtutu wa kwanza, nikapiga wa pili.

"Bega?" akauliza mke wangu.

"Halijambo! Kama limepigwa kofi la mtoto."

"Na ndege?"

"Naye hajambo."

Tulimtazama akivuka bonde, mzima wa afya.

"Baba watoto," akasema, "mbona unafumba macho kabla hujafyatua?"

"Nani? Mimi?"

"Anafumba," shemeji akadakia. "Tangu zamani. Mimi nilidhani anasali."

Mke wangu akaniambia nitoe risasi, nihakikishe mitutu ni mitupu, kisha nielekeze bunduki kwenye kilima na kufyatua. Nikafanya hivyo. Bunduki ikalia ka! tu, nami nikafumba macho yote mawili na kurusha bega nyuma kama niliyemwagiwa maji baridi. Hapakuwa na risasi wala teke. Ni mimi peke yangu na woga wangu, ambao haukuanza na kigoda. Nilikuwa naiogopa bunduki ya baba tangu nikiwa kijana, na miaka yote hiyo nilikuwa nawinda gizani.

"Hizi haziumi," mke wangu akasema taratibu. "Umeshajua haziumi. Sasa angalia."

Mwingine aliporuka, niliangalia. Niliona shingo yake nyekundu, niliona madoadoa kifuani, na nikapiga macho yakiwa wazi kabisa. Akaanguka. Nilishangaa kiasi kwamba nilisimama tu, nikashindwa hata kwenda kumwokota. Mke wangu ndiye aliyekwenda. Kabla jua halijakuwa kali tulikuwa na kwale wanne, na wote walikuwa wangu.

Shemeji, kwa risasi zake nene, alikuwa amejeruhi kichuguu kimoja. Tulipokaa kunywa maji nilimwona akilisugua bega lake zima, lile ambalo halijawahi kuanguka popote. Akanisogelea.

"Shemeji, zile za dada zimebaki?"

"Za nani?"

"Ongea polepole, bwana."

"Mpe," dada yake akasema bila kugeuka. "Na yeye anafumba."

Mwaka huu mke wangu ameomba kibali chake mwenyewe. Mkufunzi wa uwanja wa shabaha anasema ni nadra kuona mtu aliyetulia namna ile nyuma ya bunduki. Amejichagulia nzito kidogo, na risasi zile zile za upole, ingawa mabega yake yote mawili ni mazima. Anasema haoni sababu ya kulipia maumivu. Mimi nimeruhusiwa kuwinda pembeni yake, kwa sharti kwamba nibebe mfuko wa ndege, na nimeupokea kwa furaha.