Kiatu Kimoja Kimoja

Mafuta ya mawese yakianza kunukia kwenye sufuria, miguu yangu hukumbuka kabla ya kichwa. Ndiyo tuliyopaka magurudumu ya viatu vyetu.

Wakati huo Likasi, mji wetu wa migodi kule Kongo, ilikuwa imenyamaza. Sireni ya kiwanda haikulia tena, na baba zetu walishinda nyumbani. Lakini sakafu ya ukumbi wa klabu ya zamani ilibaki laini kama sahani, na Papa Ilunga alikuwa na ufunguo. Ujanani, yeye na mkewe, marehemu Mama Béa, walikuwa wakiingia mashindano ya kuteleza wawili wawili juu ya viatu vya magurudumu. Sasa alitufundisha mimi na mdogo wangu Kasongo.

Viatu vilikuwa jozi moja tu. Mimi nilivaa cha kushoto, Kasongo cha kulia. Mguu wa pili ulisukuma, kisha ukainuliwa hewani, na hapo, ndugu zangu, ukimwachilia mwenzako mko chini wote wawili.

“Mushike mukono!” alifoka Papa Ilunga. “Weye Kasongo, ni mukono ya dada yako, hapana nyoka!”

Mama alikuwa amechoka kutuosha magoti. “Mukianguka mbele ya bantu,” alisema, “ni mwisho. Na minye siendi kuangalia.”

Siku ya mashindano watu walijaa hadi madirishani. Wapinzani wetu, msichana na mvulana wa mtaa wa Kakontwe, walikuwa na viatu vyote vinne.

“Ile ingine mulikula?” mvulana alituuliza. Ukumbi ukacheka. Niliomba upesi, macho wazi.

Walianza wao, wepesi kama mbayuwayu. Mzunguko wa mwisho wakaachana mikono, kila mmoja na njia yake, na msichana akatua mapajani mwa katekista.

Kisha sisi. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu mguu wangu ulikwenda upande! Kasongo alinibana vidole mpaka nikaona nyota, nami nikambana. Tuliposimama, bado tulikuwa wima. Juu ya benchi la nyuma mtu alipunga kitenge: “Bana bangu bale! Bana bangu!” Alikuwa Mama, akituita wanawe.

Miaka mingi baadaye, tulipomzika Papa Ilunga, mwanawe alinikabidhi sanduku. Chini ya picha ya Mama Béa palikuwa na jozi nyingine ya viatu, saizi yetu kabisa, magurudumu hayajaguswa na mafuta. Nililia, kisha nikacheka mpaka waombolezaji wakanigeukia.

Leo, kwa neema ya Mungu, nafundisha watoto kumi na wawili, na viatu vinatosha. Siku ya kwanza nagawa kimoja kimoja. Wananung’unika kwamba vimepungua.

“Mushike mukono,” nawaambia.