Muhuri wa Nyundo

“Straika anaweza kunipita na mpira, lakini mguu atauacha kwangu!”

Nyundo aliyasema hayo redioni, beki wa kati wa miaka ishirini na tatu, na mtangazaji akacheka mpaka akasahau swali lililofuata. Mwanamke huyo hakuwa akitania. Msimu ule alivunja miguu miwili, pua moja na bango la wadhamini. Yeye mwenyewe alimalizwa na winga aliyemrukia goti kwa njumu zote mbili. Tuseme ukweli, uwanja ulipiga makofi.

Goti halikupona. Akawa kocha wa wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya karakana ya magari. Beki wake bora alikuwa mtoto wa dada yake. Dada mtu alimtoa binti kwa sharti moja.

“Mdogo wangu, mfundishe mpira. Ule uchinjaji wako uzike. Akivunja mtu au akivunjika, hagusi mpira tena.”

“Naapa, dada.”

Kesho yake akaanza kumfundisha muhuri.

Muhuri ni hivi: mpira unauacha uende zake, unashusha njumu kwenye kifundo cha mguu wa adui, halafu unamtazama refa kwa macho ya bibi harusi. Walifanyia mazoezi chupa tupu za maji zilizofungwa vizibo. Binti anakanyaga, chupa inapasuka paa, kocha anapiga mluzi. Ila chupa ina kasoro moja: hairuki.

Siku ya mechi ya mchujo, straika wa wageni alimpiga binti kiwiko cha uso. Refa akakausha. Kikaja cha pili, damu ikajaa mdomoni.

Nyundo akasahau kiapo, dada yake yuko mita kumi tu nyuma yake. “Mpe muhuri! We mtoto, mpe muhuri!”

Binti akaenda na nguvu zote. Straika akaruka. Njumu ya binti ikanasa kwenye changarawe, mwili ukaendelea na safari, mguu ukabaki. Mlio wake ulifika mpaka kwenye uzio. Mfupa ukachungulia juu ya soksi.

Nyundo akamkimbilia; dada mtu akaingia uwanjani nyuma yake, kiatu mkononi. Kofi, kiatu, ngumi. Jino la Nyundo likadondoka. Golikipa akaja kuamulia, Nyundo akamsukuma.

“Mwache. Nipige, dada.”

“Dada yako nani? Si uliapa wewe?”

Binti akamshika kocha suruali. “Mama mdogo... nilichelewa, eh?”

“Hapana, mwanangu. Ni mimi ndiye—” Kiatu kikamkata kauli.

Hospitalini, daktari alisema mguu utaunga, mpira asahau. Dada mtu akatia saini fomu ya matibabu bila kumtazama mdogo wake. Nyundo akatoka, akaingia duka la vifaa lililo mkabala na geti. Mdomo ulikuwa umevimba, akaonyesha kwa kidole.

Magongo ya mtoto, jozi moja, ni elfu thelathini na tano.