Jibu la Askari Wangu

Nilipostaafu jeshi nikiwa kanali, nilianza kuandika historia ya vita tulivyopigana. Maofisa wenzangu kila mmoja alijisifu mpaka wakanichosha. Nikapanda milimani hadi kijiji cha Kinole kumtafuta askari aliyekuwa chini yangu, ambaye sasa analima karafuu na ndizi.

Aliponiona aliweka jembe chini, akasimama mguu sawa. Nilimwambia mimi ni raia kama yeye, aketi. Akaketi ukingoni mwa benchi, mikono magotini.

Nikamuuliza kuhusu siku ile tulipopoteza wenzetu wengi.

"Hali ilikuwa nzuri, afande."

Na njaa je?

"Chakula kilitosha, afande."

Mimi nilikuwepo, na tulichimba mizizi tukala. Nilimfokea aseme kweli, naye akasimama tena mguu sawa.

Mkewe alinisindikiza hadi njia panda.

"Mzee, mbele yako mume wangu atabaki askari tu," akasema. "Ukitaka ukweli, njoo ulale kwetu. Akishasinzia anawaita wenzake mmoja mmoja. Halafu anakuomba wewe ruhusa ya kurudi nyuma. Kunakucha, hujamjibu."