Vidole Viwili vya Otti

Dada yangu Ottilie alikuwa mwalimu wa piano, na mwaka tulipomzika baba, mkono wake wa kushoto ulijikunja ngumi ukakataa kufunguka. Tuliuchua kwa mafuta, tukauloweka maji ya moto, daktari wa hospitali akaupitishia umeme, kazi bure. Ndipo tukaelekezwa kwa Daktari Arnold Felsen, mmoja wa wale waganga wapya wa Vienna waliotibu kwa maneno. Mgonjwa analala kwenye kochi, daktari anakaa nyuma ya kichwa chake asionekane, na sharti ni moja: sema kila kinachokujia kichwani, hata kiwe cha aibu.

Mimi sikumpenda yule bwana tangu siku ya kwanza. Lakini sitamsingizia. Barafu ilipoyeyuka mitaani, vidole vitatu vya Otti vilikuwa vimenyooka. Vilibaki viwili, cha pete na cha mwisho.

"Hivyo vimeshika kitu unachonificha," Felsen alimwambia. "Siku utakayokisema, vitafunguka."

Kisha, kwa kuwa Otti alishindwa kulipa, akamwambia ahamie nyumbani kwake, amfundishe piano binti yake Trude, naye aendelee kumtibu bure. Niliposikia nilikuja juu.

"Mgonjwa anahamia kwa daktari wake? Basi na mwenye jino bovu akalale kwa mng'oa meno!"

"Rosl, wenzake wote ndivyo wafanyavyo," akasema Otti. "Yuko mmoja anakwenda mapumziko milimani na wagonjwa wake, anawatibu wakitembea. Acha ushamba, mdogo wangu."

Basi akahamia. Asubuhi anakunywa kahawa na Bi Malvine, mke wa Felsen. Mchana anamfundisha mtoto. Ikifika saa kumi jioni anavua viatu, analala kwenye kochi la mume wa mwenzake na kusema kila kitu. Mtu akikaa nyumba ya watu, kinachomjia kichwani ni mambo ya nyumba hiyo. Alianza kwa baba yetu, akaishia kwa Bi Malvine anayelia katika chumba cha akiba huku mpishi akimhesabia viazi. Na kwa Felsen, "Bi Ottilie" wa zamani sasa alikuwa "Otti" tu.

"Nikimtaja baba, anapiga miayo," Otti aliniambia siku moja. "Nikimtaja mkewe, nasikia kiti chake kinalia. Anasogea karibu."

"Sasa huyo anakutibu wewe au anakupeleleza?"

Alikuwa akizunguka chumba changu, toka kwenye jiko mpaka dirishani, na keki ya tofaa niliyomwekea hakuigusa.

Kumbe kubwa zaidi lilikuwa la mtoto. Trude alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi baba yake aliketi kitandani kwake kumwuliza ameota nini, akaandika. Mtoto akaanza kukataa usingizi, akawa anajifinya mikono ili asilale. Mchana mmoja, katikati ya somo, kichwa kilimwangukia juu ya piano. Otti alipomgusa bega, akashtuka na kupiga yowe.

"Sikuota! Mwambie baba sikuota kitu!"

Bi Malvine alisikia akiwa mlangoni. Siku hiyohiyo aliamua kumpeleka mtoto kwa bibi yake mzaa mama, mji wa Graz. Sheria ilimpa baba mtoto, kwa hiyo Felsen akipata fununu angemzuia. Nafasi ilikuwa moja tu. Saa kumi, Felsen akishafunga mlango wake na mgonjwa, hatoki hata nyumba iungue.

"Utanizuilia mume wangu humo ndani, Otti mwenzangu?" Bi Malvine akauliza. "Saa moja tu."

Otti alikuja kwangu midomo imemkauka.

"Nikisema, namsaliti mtoto. Nikificha, navunja sharti, na mkono wangu utajikunja tena. Nitakula nini, Rosl?"

"Utafundisha nyimbo za vidole vitatu."

Hakucheka. Nami niliona haya kwa utani ule.

Ilipofika Alhamisi tuliyopatana, nilikuwa ngazi za nyuma, nimeshika upande mmoja wa sanduku, Bi Malvine upande wa pili. Trude alitangulia, viatu mkononi. Kwenye kona sanduku likaniponyoka, likagonga ukuta kishindo cha kuamsha wafu.

Ndani, Felsen alikatiza maneno. "Nini hicho?"

Otti alisikia kiti kinalia, kisha nyayo mbili kuelekea mlangoni. Alikuwa anatazama dari. Kichwani hakuwa na hila yoyote, ila kile kimoja alichokificha miezi yote.

"Nakupenda, Daktari," akasema.

Nyayo zikasimama. Kiti kikalia tena, akakaa.

"Rudia," akasema. "Taratibu."

Akarudia. Akamwambia tangu lini, akamwambia jinsi anavyonusa koti lake kwenye korido, akamwambia kahawa ya asubuhi inavyomkaba kooni kwa sababu inamiminwa na mkono wa mkewe. Mwenzangu, hata mimi dada yake sikuwahi kuyasikia hayo. Felsen aliuliza, Otti akajibu, mpaka saa ikaisha. Sisi tulikuwa tumeshafika stesheni.

Felsen alitoka akipiga mluzi. Alirudi uso umemsawijika.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanidanganya, Otti!"

"Uliniambia niseme kinachonijia kichwani. Ndicho kilichonijia."

Hapo yule bwana mkubwa akajitupa kwenye kochi lake mwenyewe, akajifunika macho. "Usiende. Kaa pale kwenye kiti. Nisikilize mimi, nakuomba." Mganga hajigangi, lakini kumgeukia mgonjwa wake!

"Saa imekwisha, Daktari," akasema Otti, akainama kufunga vifungo vya viatu. Alikuwa ameshafunga kiatu kizima alipogundua kwamba anatumia mikono miwili, na vidole vyote kumi.

Ndiyo kusema dawa ya Felsen ilifanya kazi, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Miaka mingi baadaye, Otti akiwa anapiga piano katika jumba la sinema na Trude ni binti mkubwa wa kumletea maua, nilimwuliza lile lililonikera siku zote.

"Dada, ulimpenda kweli, au uliyazua?"

Aliendelea kumenya matofaa.

"Nilimpenda kweli," akasema. "Mpaka aliponiambia nirudie taratibu, nikasikia penseli yake inaandika."