Mbuzi wa Koko Anastazia

Nilikuwa na miaka kumi mwaka ule baba yangu alipokufa, nchi ikiitwa bado Zaire, na shida ikaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mama alirudi kwao Oicha na mtoto mchanga mgongoni. Mimi nikabaki Kalunguta kwa mama wa baba, Koko Anastazia. Koko ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Hata leo nikisikia harufu ya majani mabichi ya mikaratusi yaliyotandazwa chini, narudi moja kwa moja kwenye kapela yetu, kanisa dogo la udongo, Jumapili asubuhi, baridi inauma vidole, na sauti ya Koko imeshatutangulia mlangoni. Hakuwa anaimba kwa upole. Aliimba kama mtu anayemwita jirani aliye kilima cha pili, na jirani akawa anasikia kweli.

Koko hakujua kusoma hata herufi moja. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu, kwa hiyo simcheki. Lakini sala zote alikuwa nazo kichwani, na litania ya watakatifu aliimaliza huku anamenya mihogo, hakosei mtakatifu wala hajikati kidole. Alisali akipalilia maharage, alisali akichota maji, na kama mvua ilichelewa alimwambia Mungu wazi kwamba imechelewa. Babu alipokufa, Koko alimwahidi Bikira Maria kwamba pombe haitapita tena midomoni mwake. Kwetu, ambako kumpa mtu kasikisi, ile pombe ya ndizi, ni kama kumpa mkono, hilo si jambo dogo. Akina mama wenzake wa shirika la kanisani walimtania: "Anastazia, hata Yesu alitengeneza divai." Naye anawajibu: "Najua. Ile yangu ananichungia kule juu."

Sasa niwaeleze habari ya shamba, maana ndilo lililotulisha, na mwaka ule nusura litupotee. Kilima chetu kilikuwa na mwenyewe. Wewe unalima, unavuna, lakini baada ya mavuno unampelekea mwenye kilima mbuzi, na mbuzi huyo anaitwa muhako. Karatasi hapakuwa. Aliyeleta mbuzi, kisha akanywa kasikisi na mwenye kilima katika kibuyu kimoja mbele ya watu, huyo ndiye mwenye shamba mpaka mavuno mengine. Baba alikuwa akifanya hivyo kila mwaka. Sasa baba hayupo, na mdogo wake, baba mdogo Kambale, alikuwa ameshatafuta mbuzi wake ampeleke kwa jina lake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tamaa tu, na tamaa yake haikujua kujificha. Jioni alikuja kukaa karibu na moto wetu.

"Mama, uniachie shamba," alisema. "Weye umeshazeeka, na huyu iko mutoto mwanamuke. Kesho ataolewa, shamba itaenda kwa batu bengine."

"Na leo atakula nini, mbele ya kuolewa hiyo kesho?"

"Miye nitamulisha."

"Kambale, batoto yako mwenyewe banakulaka kwangu."

Hata hivyo hakuacha. Watu walikuwa wakipeleka muhako kila mwaka Jumapili ya mavuno, misa ikiisha, na siku hiyo ilipofika Kambale hakuonekana kanisani. Kapela ilijaa mpaka nje. Watu walileta matoleo wakicheza: mikungu ya ndizi kichwani, vikapu vya maharage, kuku wanaopiga kelele kuliko ngoma. Koko alitoa kikapu chake cha maharage, kisha akarudi nyuma akanichukua mimi na mbuzi wetu jike, mweusi, mmoja tu tuliyekuwa naye, akatupeleka mpaka mbele ya altare. Padri alifurahi akashika kamba. Koko hakuiachia.

"Padri, huyu hapana wako," alimwambia. "Umubariki tu. Ana safari."

Watu walicheka, mbuzi akanyoosha shingo akala maua ya altare, na padri akamnyunyizia maji haraka kabla hajamaliza mengine. Ndipo jirani yetu akaja kwa kuinama, akamnong'oneza Koko kwamba Kambale ameonekana anapanda njia ya mwenye kilima, anavuta mbuzi. Nilimvuta Koko kitenge. Nilitaka tutoke pale pale, tukimbie. Akanitazama kama mtu aliyeshtushwa usingizini. "Misa haijaisha," alisema. Akapiga magoti. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona misa ndefu kama ile. Komunyo, matangazo, na katekista akatangaza tena yale aliyokwisha kutangaza. Mimi niliona shamba letu linaondoka, na Koko amefumba macho anaimba, hana haraka, kana kwamba shamba ni la mtu mwingine.

Baraka ya mwisho ilipotoka mdomoni mwa padri, Koko alikimbia. Alifunga kitenge vizuri, akashika kamba, akakimbia, na akina mama wote wa shirika nyuma yake wakiimba, vumbi linapanda, mbuzi anavutwa, mimi nasukuma. Mbele kabisa alikuwa mke wa mwenye kilima, maana naye alikuwa mwimbaji, alisimama kila Jumapili bega kwa bega na Koko. Na hapo ndipo Kambale alipokosea hesabu. Tulimkuta ameketi uani na mbuzi wake, kakasirika, kiu imemkamata. Alikuwa amefika kabla ya misa kuisha, lakini kasikisi ilikuwa bado haijachujwa, na mwenye kuichuja, mke huyo huyo, alikuwa kanisani. Hakuna kibuyu, hakuna muhako.

Mwenye kilima, mzee mnene mwenye maneno machache, alitutazama sote. "Mbuzi mbili, shamba moja," alisema. "Mama Anastazia, muhako unaletwa na mwanaume."

"Mwenye alikuwa anauleta analala ndani ya udongo wako, mzee. Mutoto wake ni huyu."

"Na hii mbuzi yetu padri ameibariki, tumeona sisi wote," mke wake akadakia, huku ameshaanza kuchuja. "Ile ya Kambale, nani ameibariki?"

Uani wote walicheka, hata Kambale kidogo. Lakini mwenye kilima alikuwa mjanja. Alijaza kibuyu, akamnyooshea Koko. "Sawa. Kunywa, tumalize."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua ahadi yake kwa Bikira Maria, na mzee alijua kuliko wote. Akinywa, amevunja neno lake mbele ya Mungu na shirika lote. Asipokunywa, shamba limekwenda. Koko alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akageuka, akaniwekea kibuyu mdomoni.

"Kunywa, Masika. Shamba iko yako, hapana yangu."

"Mama, mutoto mwanamuke?" Kambale alisimama.

"Jembe litamuuliza kama iko mwanamuke?" Koko akamjibu.

Nikanywa. Ilikuwa chachu na tamu pamoja, ikanipanda puani, nikakohoa mpaka machozi. Mwenye kilima alinitazama nikikohoa, tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka sana. Akachukua kibuyu, akanywa pale pale niliponywa. Vigelegele vya akina mama vilivyotoka uani pale, nadhani hata mjini Butembo walisikia.

Nikilinganisha na sasa, mambo yamegeuka. Watoto wa mwenye kilima wameuza vipande vya kilima, kwa hiyo siku hizi unakimbilia bureau, ofisi ya serikali, kutafuta muhuri, na bado watu wawili wanaonyesha karatasi ya shamba moja. Kuna misimu hatufiki shambani kabisa kwa sababu ya bunduki, kakao inaanguka yenyewe. Kanisani wana mikrofoni, lakini wenye sauti ya Koko siwaoni. Kwa maharage ya shamba lile nilianza kuuza soko la Beni, nikaingia kwenye mafuta ya mawese, kisha kakao. Hakuna bwana aliyenipa mtaji. Koko alikufa akiwa amemaliza sala ya asubuhi, katika nyumba ya bati niliyomjengea mimi.

Leo nina shamba lile lile la Kalunguta, juu kakao, chini migomba. Nina nyumba ya matofali Butembo. Nina depo ya mafuta ya mawese karibu na soko, na pikipiki mbili zinabeba watu Beni. Nina watoto sita. Wanne ni wasichana, na kila mmoja wao ana kipande chake cha ardhi, nilichompa mchana, mbele ya kaka zake.